Mimea na saratani ya matiti: maswali tunayoulizwa kwenye dirisha la dawa, Kisumu

Mimi ni mfamasia hapa Kisumu. Wanaofika dirishani kwangu na karatasi ya dawa za saratani hutoka Siaya, Vihiga, Busia, Homa Bay, wengine Migori, na ni nadra kumpata ambaye hajashauriwa na jirani au shemeji ajaribu majani au magome fulani. Maswali yao ni ya haki kabisa. Hakuna saratani inayowapata wanawake wengi nchini kuliko hii ya matiti: makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya karibu 6,800 na vifo zaidi ya 3,000. Hapa nimeyajibu kwa urefu ambao foleni hainiruhusu.

Ni kweli kuna dawa za saratani ya matiti zinazotoka kwenye mimea?

Ni kweli. Paklitakseli, ambayo kwenye chupa utaona imeandikwa paclitaxel, ilipatikana kwenye magome ya mti. Dositakseli ni ndugu yake, na hutengenezwa kuanzia kwenye majani ya mti wa jamii hiyo hiyo. Vinorelbini, ambayo hupewa baadhi ya wagonjwa ambao saratani yao imesambaa, ina asili katika ua linalopandwa kama pambo kwenye maboma mengi ya huku kwetu. Si dawa zote zilizotoka shambani. Tamoksifeni, kwa mfano, ilitengenezwa na wanakemia. Lakini mtu akikuambia kwamba hospitali inadharau mimea, mwambie aulize kilichomo ndani ya dripu.

Paklitakseli iligunduliwaje?

Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea, Arthur Barclay, alikusanya magome ya mti uitwao Taxus brevifolia katika misitu ya jimbo la Washington, Marekani. Alikuwa kwenye mpango wa serikali wa kukusanya mimea ya kila namna na kuipima kama inazuia saratani. Kati ya mwaka 1960 na 1982 mpango huo ulipima dondoo zaidi ya 100,000 kutoka spishi zipatazo 35,000. Dawa zilizofika kwa mgonjwa kutokana na kazi yote hiyo ni chache mno. Ninalitaja hili kwa sababu wengi hudhani ukishapata mmea unaofanya kitu fulani mwilini, dawa imepatikana.

Monroe Wall na Mansukh Wani waliitenga kemikali yenyewe na kuchapisha umbo lake mwaka 1971. Haikuchangamkiwa mara moja, kwani haiyeyuki vizuri kwenye maji na kuipata kulikuwa na kazi. Mwaka 1979 Susan Horwitz wa New York akaonyesha jinsi inavyoua. Seli inapotaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba sana za kuvutia kromosomu pande mbili, kisha huzibomoa. Paklitakseli huzishika nyuzi hizo zisibomoke, seli inakwama katikati ya kugawanyika, na inakufa. Marekani iliiidhinisha kwa saratani ya ovari mwaka 1992, na kwa saratani ya matiti mwaka 1994. Tangu magome yale yabanduliwe hadi wanawake wenye saratani ya matiti waidhinishiwe dawa, ilipita miaka 32.

Kulikuwa na tatizo jingine. Kupata kilo moja ya dawa kulihitaji magome ya miti karibu 3,000, na mti huo ukibanduliwa magome hufa. Wafaransa, Pierre Potier na wenzake, wakaona kwamba majani ya Taxus baccata, ambayo huchumwa na kuota tena, yana kemikali inayoweza kumaliziwa maabarani. Hapo ndipo dositakseli ilipozaliwa, na mti ukapona.

Basi kama ni magome tu, kwa nini nisichemshe nyumbani?

Hili ndilo swali ninalolipa muda mrefu zaidi, hata foleni ikinung'unika.

Paklitakseli haiyeyuki kwenye maji. Ukichemsha magome ya mti ule, dawa inabaki karibu yote kwenye makapi unayoyamwaga. Kinachoingia sufuriani ni vitu vingine, na mti huo una sumu iitwayo taksini ambayo husimamisha moyo. Hata kama ungeimeza dawa yenyewe, utumbo huirudisha nje kabla haijaingia kwenye damu ya kutosha. Ndiyo maana hupewa kwa mshipa. Na ili ikubali kuingia mshipani, imeyeyushwa kwenye pombe na kimiminika kinachotokana na mafuta ya mbarika, mbarika hii hii inayoota kando ya njia zetu. Kimiminika hicho huwaletea watu wengine mzio mkali, kwa hiyo kabla ya dripu kufunguliwa utapewa dawa za kuzuia mzio, na muuguzi atakaa karibu nawe dakika za mwanzo akikutazama uso na pumzi. Akikuuliza kama kifua kinabana, usijikaze. Sema.

Halafu kuna kipimo. Dozi ya paklitakseli huhesabiwa kwa eneo la mwili wako, linalopatikana kwa urefu na uzito: mara nyingi miligramu 80 kwa kila mita mraba ikiwa ni ya kila wiki, au 175 ikiwa ni ya kila wiki tatu. Ndiyo sababu unapimwa uzito kila unapokuja, hata kama juzi ulipimwa kwingine.

Mama mmoja aliwahi kuniwekea dirishani mtungi wa lita tano, ule wa mafuta ya kupikia, umejaa maji ya kahawia yenye povu juu. Aliambiwa glasi asubuhi, glasi jioni. Nikamuuliza magome yalikuwa kiasi gani. Akakunjua kiganja akanionyesha, kisha akasema mara ya kwanza maji yalikuwa meusi, haya ya sasa yamepauka kwa sababu ni magome yale yale yamechemshwa tena. Alikuwa makini sana, hakuruka hata siku moja. Lakini hakuna mtu, si yeye, si mimi, si aliyemuuzia, angeweza kusema glasi ya leo ina nini ambacho ya jana haikuwa nacho. Na dawa ya saratani ni kitu ambacho kidogo hakifanyi kazi na kikizidi kinaua.

Lile ua la rangi ya waridi lililo mlangoni pangu, si ndilo dawa ya saratani?

Jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus. Asili yake ni Madagaska. Huko Jamaika watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Majani hayo yalitumwa Kanada, ambako Robert Noble aliyajaribu kwa panya. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, na panya wakafa kwa maambukizi. Noble na Charles Beer wakajiuliza: kama kinapunguza chembe nyeupe, je, hakiwezi kusaidia saratani ya damu, ambapo chembe hizo zimezidi? Mwaka 1958 walitangaza vinblastini. Ikafuata vinkristini, na baadaye vinorelbini, inayotumika kwa matiti.

Sasa tazama pande mbili za habari hiyo. Kupata gramu moja tu ya vinblastini kunahitaji takriban kilo 500 za majani makavu, kwa hiyo ua la mlangoni halikupi dozi. Lakini lina nguvu ya kutosha kuvuruga damu, na kama uko kwenye kemo, yaani tiba ya dawa kali za kuua seli za saratani, chembe zako nyeupe tayari ziko chini. Chai ya ua hilo wakati wa kemo naikataza waziwazi. Liache lipambe mlango.

Je, kuna mmea wa Kenya uliochangia dawa ya saratani ya matiti?

Upo, na nasikitika kwamba wachache wanajua. Mwaka 1972 mwanakemia Morris Kupchan wa Marekani alitangaza maytansini, kemikali kali sana aliyoipata kwenye kichaka cha Ethiopia cha jamii ya Maytenus. Ili kupata ya kutosha kwa majaribio, zilikusanywa takriban tani 27 za jamaa yake, Maytenus buchananii, kutoka Shimba Hills kule Kwale. Majaribio kwa binadamu yalivunja moyo. Maytansini ilikuwa na sumu nyingi mno, tena ilipiga kila mahali, ikawekwa kando.

Ilirudi kwa njia nyingine. Baadhi ya saratani za matiti zina protini iitwayo HER2 kwa wingi juu ya seli zake, na kuna kingamwili, trastuzumabu, inayoitafuta protini hiyo na kuikamata. Wanasayansi walifunga kemikali ya ukoo wa maytansini kwenye kingamwili hiyo, ikawa inabebwa hadi ndani ya seli ya saratani na kufunguliwa huko. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Siku hizi kemikali yake haitoki tena kichakani. Hutengenezwa kwa msaada wa bakteria. Mti wa Kichina, Camptotheca acuminata, umepitia njia kama hiyo: kemikali yake iligunduliwa mwaka 1966, na mwaka 2020 dawa inayobeba kitukuu chake iliidhinishwa kwa saratani ya matiti ya hasi tatu, ile isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2 nyingi. Ni aina inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, kwa hiyo habari hiyo inatuhusu. Bei yake bado iko mbali na mifuko yetu.

Na ule mti wa Kakamega unaobanduliwa magome?

Unauliza kuhusu Prunus africana. Magome yake huuzwa Ulaya kwa ajili ya wanaume ambao tezi ya kibofu imevimba kwa uzee. Huo si uvimbe wa saratani, na hauhusiani na matiti. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 1995 kwa sababu miti ilikuwa ikiisha. Anayekuuzia kwa saratani ya matiti anakuuzia kitu ambacho hakijawahi kuonyeshwa kufanya kazi hiyo.

Mwarobaini, mlonge, manjano, stafeli?

Yote manne yana kemikali zilizoua seli za saratani maabarani. Hakuna hata moja iliyoidhinishwa kutibu saratani ya matiti.

Manjano yamechunguzwa kuliko mengine. Shida ya kurkumini, kile kinachoyapa rangi, ni kwamba ukimeza nyingi, inayofika kwenye damu ni kidogo sana. Kutia kwenye mchuzi hakuna neno. Vidonge vya dozi kubwa ni jambo jingine: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2019 kwa wanawake wanaotumia tamoksifeni ulionyesha kwamba kurkumini, hasa ikichanganywa na pilipili manga, hupunguza kiasi cha ile hali ya tamoksifeni inayofanya kazi mwilini. Yaani unaweza kununua kidonge kwa bei ghali ili kidhoofishe dawa uliyopewa.

Stafeli ni tunda zuri, lile. Majani na mbegu zake ndiyo hunitia wasiwasi. Katika kisiwa cha Guadeloupe watafiti waliuhusisha utumiaji mwingi wa mti huu na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson, na kemikali inayoshukiwa, anonasini, ndiyo hiyo hiyo wauzaji wanayoisifia.

Nimesoma kwenye simu kwamba utafiti umeonyesha mmea fulani unaua seli za saratani ya matiti. Ni uongo?

Huenda ni kweli tupu, na bado usikusaidie. Soma vizuri uone ni seli za wapi. Mara nyingi utakuta jina MCF-7. Hizo ni seli zilizotolewa kwa mtawa mmoja wa Marekani mwaka 1970 na kukuzwa kwenye sahani za maabara hadi leo, duniani kote. Ni chombo muhimu mno cha utafiti, na hata vyuo vyetu vya huku vinapopima dondoo za mimea ya Nyanza na Magharibi huanzia kwenye vipimo vya namna hiyo. Lakini seli zilizolala kwenye sahani huuawa na vitu vingi. Hata Jik huziua. Maswali magumu huanza baada ya hapo: je, itaua seli za saratani na kuziacha zako nzima? Je, ini halitaivunja kabla haijafika titini? Panya wanaweza kuistahimili? Kisha inajaribiwa kwa watu wachache kutafuta dozi salama, kwa wengi zaidi kuona kama uvimbe unapungua, na mwisho kwa mamia au maelfu ikilinganishwa na tiba iliyopo. Nyingi huishia njiani.

Kwa hiyo ukitumiwa habari hiyo, uliza swali moja tu: wagonjwa wangapi waliitumia, na ikalinganishwa na nini?

Naweza kutumia miti shamba huku nikiendelea na kemo?

Usitumie chochote kabla ya kumwambia daktari au mfamasia wako. Ini ndilo linalovunja paklitakseli na dositakseli, kwa vimeng'enya vile vile vinavyoshughulikia vitu vingi vya mimea. Balungi, kwa mfano, huzuia kimojawapo, na dawa inaweza kukaa mwilini kupita kiasi. Mimea mingine hukiamsha na dawa ikatoka mapema. Nyingine huumiza ini lenyewe. Vipimo vya damu vikiharibika, kemo yako inaahirishwa wiki baada ya wiki, na saratani haiahirishi. Maji ya mizizi yaliyokaa siku tatu mtungini yana vijidudu ambavyo mwili usio na chembe nyeupe za kutosha hauviwezi.

Chakula ni kitu kingine, watu huchanganya. Managu, saga, mrenda, kunde, samaki, maharagwe: kula, vikiwa vimepikwa na kuiva. Tangawizi kidogo kwenye chai ya kupunguza kichefuchefu, sawa. Ganzi kwenye vidole vya mikono na miguu ni ya paklitakseli, usiitafutie dawa ya kupaka sokoni. Ukiona unashindwa kufunga vifungo vya blauzi, mwambie daktari siku hiyo hiyo kwa sababu dozi inaweza kubadilishwa.

Mama yangu amekataa hospitali. Anasema kwanza mganga wa miti shamba. Nifanye nini?

Usimgombeze, na usimtukane mganga mbele yake. Mara nyingi anachokiogopa si dawa. Ameona jirani aliyepelekwa hospitali akiwa amechelewa, akarudi kuzikwa, na familia ikabaki imeuza ng'ombe. Zungumza naye juu ya hofu hiyo. Mtafutie mwanamke aliyepona. Wapo, wako kanisani na sokoni, nao huongea kwa nguvu kuliko mimi.

Halafu mwambie ukweli bila kuupunguza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa bado inatibika. Kwa saratani ya matiti, waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara tano kuliko waliopata tiba ya hospitali. Wagonjwa hao walikuwa Marekani, lakini uvimbe hukua huku kama unavyokua kule. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Miezi sita ya kungoja magome yafanye kazi ndiyo inayougeuza uvimbe wa kutolewa kwa upasuaji kuwa uvimbe ulioingia kwapani na kwenye mifupa.

Wakati mwingine makubaliano husaidia. Kubali asali na maombi. Omba biopsi wiki hii, yaani achukuliwe kipande kidogo cha uvimbe kipimwe maabarani. Biopsi ndiyo itakayosema ni saratani au la, na ni ya aina gani. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, na kuna waliokunywa magome mwaka mzima kwa kitu ambacho hakikuhitaji dawa yoyote.

Dawa hizi zinapatikana wapi huku?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, upate barua ya rufaa. Kwa Kisumu ni Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia. Wa Bungoma, Trans Nzoia na Uasin Gishu wengi huenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Nakuru nako kuna kituo cha saratani katika hospitali ya kaunti. Hakikisha umesajiliwa na SHA, yaani bima ya afya ya serikali, na malipo yako yako sawa kabla ya siku ya kemo. Uliza mapema kinacholipiwa na kisicholipiwa, ili usijue ukiwa tayari umepanda matatu.

Wageni wanachukua mimea yetu na kututajirikia. Sisi tunapata nini?

Uchungu huo ni wa haki. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ilinde maarifa ya asili ya jamii, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa hayo. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka jamii yenye mmea au ujuzi igawiwe faida. Kama wewe ni mganga na una mmea unaouamini, usiupeleke kwa mtu binafsi bila maandishi. KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, ina kituo cha utafiti wa dawa za asili Nairobi. Vyuo kama Maseno na Masinde Muliro navyo viko karibu. Ningefurahi mno siku moja nipokee dawa dirishani ambayo ilianzia msitu wa Kakamega, na ukoo uliotunza ujuzi wake ulipwe.

Nimetumia miti shamba miezi kadhaa, sasa nataka kwenda hospitali. Watanifokea?

Ukifokewa, kosa ni la anayefoka. Nenda tu. Beba ulichokuwa ukitumia, hata kama ni makapi ndani ya karatasi ya nailoni, pamoja na chupa au pakiti ikiwa ipo, na uandike ulianza lini, uliacha lini, na ulikuwa ukinywa mara ngapi kwa siku. Taja pia dawa za presha, sukari au ARV kama unazitumia. Wakipima ini na damu kabla ya kemo wakakuta kitu, maelezo hayo yatawasaidia kujua kimetoka wapi, na kama ni cha kungoja siku chache au cha kutibiwa kwanza. Na picha yoyote ya eksirei au karatasi ya maabara iliyo nyumbani, hata ya zamani, itie kwenye bahasha hiyo hiyo.